Dirisha la chumba cha watoto wako linafunguka?

Hapa Mikumi mtu anaweza kuhamia kwenye nyumba isiyo na dari, isiyo na rangi, sakafu bado vumbi, lakini nondo za madirisha utazikuta. Ndizo zinazotangulia. Fundi anakuja na picha za mitindo kwenye simu, mama anachagua maua, baba anauliza unene wa chuma, kisha nondo zinachomelewa, zinazikwa ukutani kwa saruji, na habari ya dirisha inaishia hapo.

Sina ugomvi na nondo. Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia. Malori yanalala hapa, wageni wanapita usiku na mchana, na wezi nao hupita humo humo. Hata wezi wasipokuwepo, sisi tunaopakana na hifadhi tuna ngedere, ambao wakiona dirisha wazi wanajua wamekaribishwa chakula. Jirani yangu aliwahi kupoteza mkate mzima na mfuko wa sukari huku yuko uani anafua. Kwa hiyo nondo tunazihitaji, na sitamwambia mzazi yeyote azing'oe.

Ninachouliza ni kitu kimoja. Ni usiku, watoto wamelala, sebule inaungua na korido imejaa moshi. Mlango wa chumba chao hautumiki. Watatokea wapi?

Nimewauliza wazazi wengi swali hili, na jibu la haraka ni moja: "Tutavunja dirisha." Tutavunja nini? Kioo kitavunjika, sawa. Baada ya kioo kuna chuma kilichozikwa kwenye saruji, ambacho fundi mwenyewe akitaka kukitoa huja na grainda, waya mrefu wa umeme na kijana wa kumsaidia, na bado humchukua nusu saa.

Mwaka juzi niliona kuvunja dirisha kunavyokuwa. Nyumba ya nne kutoka kwetu ilishika moto saa tano usiku, ukianzia sebuleni kwenye soketi ya nyuma ya televisheni. Baba na mama waliwahi kutoka kwa mlango wa mbele. Watoto wao wawili wa kiume walikuwa chumba cha nyuma, na katikati palikuwa na korido ambayo mtu mzima hakuweza kupita hatua tatu. Tulizunguka nyuma. Tuliwaona. Mikono yao ilikuwa imetoka nje ya nondo, mmoja anaita mama, mwingine anakohoa tu. Wanaume walileta nyundo, mtaimbo, jiwe la kusagia pilipili, chochote. Nondo zilitoa mlio, hazikusogea.

Kilichowaokoa ni dereva wa lori aliyekuwa amelala kwenye gari lake upande wa barabarani. Alisikia kelele, akarudi kinyumenyume mpaka uani, akafunga mnyororo kwenye nondo na kuvuta. Dirisha lilikuja na mistari miwili ya tofali. Watoto walitolewa hai, mkubwa akalazwa siku nne kwa ajili ya kifua. Watu wazima tulikuwa zaidi ya kumi na tano pale uani, wenye nguvu zetu, na sote tulikuwa tunasubiri lori. Nyumba nyingi hazina lori linalolala jirani.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, na namba hiyo inafaa kila mtoto anayejua kushika simu aikariri. Lakini moto wa nyumbani haungojei gari lifike. Magodoro yetu ya sponji, makochi, mapazia na sufuria za plastiki vikiungua vinatoa moshi mzito wenye sumu, na moshi huo hufika chumbani kabla ya ndimi za moto. Mtu aliyelala anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache bila hata kuamka. Muda wa kutoka ni ule wa mwanzo kabisa, nao ni mfupi kuliko muda wa kutafuta nyundo gizani.

Wiki ile ile nilimpigia mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani. Alipofika huko alipanga chumba kilicho chini ya ardhi, yaani sakafu nyingine iliyochimbwa chini ya nyumba, kwa sababu kodi yake ni nafuu. Nikamuuliza, wewe uliyelala shimoni ulikuwa unatokea wapi? Akacheka, akaniambia huko chumba cha namna hiyo hakihesabiki kuwa cha kulala mpaka kiwe na dirisha la kutokea. Si dirisha la hewa wala la mwanga. La kutokea. Nje ya dirisha hilo huchimbwa kisima kipana chenye ukuta wa bati nene, ili dirisha lipate pa kufungukia, na kisima kikizidi kina cha sentimita 112 hivi, kinawekewa ngazi ya kupandia. Kazi yake wakati wa baridi ilikuwa kuondoa theluji kisimani, na kabla ya theluji kuondoa majani makavu, kwa sababu dirisha linalofunguka kwenye kisima kilichojaa si dirisha tena.

Alinitumia vipimo vinavyotumika kwenye kanuni nyingi za ujenzi za huko. Nafasi iliyo wazi baada ya dirisha kufunguliwa isipungue upana wa sentimita 51 na kimo cha sentimita 61, na eneo lote lifike karibu nusu mita ya mraba. Ukichukua upana wa sentimita 60, kimo kitafutwe kwenye 90. Ukingo wa chini wa dirisha usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni, ili hata mtu mfupi aweze kupanda. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa ajili ya anayetoka tu. Kinamfikiria pia mzima moto anayeingia akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Na kuhusu nondo, kanuni haizikatazi. Inasema kama zipo, basi zifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa chochote na bila kuhitaji ujuzi wa pekee.

Sisi hatujengi vyumba chini ya ardhi, na kwa mvua za huku tusijaribu. Lakini chumba chenye mlango mmoja, dari ya jipsamu na dirisha la nondo zilizozikwa ukutani kina tofauti gani na shimo? Kiko juu ya ardhi kwa macho tu.

Baba watoto hakukubali mara moja, na sikumlaumu. Wezi anawajua, aliwahi kuamka akakuta pikipiki imeondoka. "Nondo zikifunguka kwa mtoto, zitafunguka kwa mwizi," aliniambia, na hoja hiyo ina uzito. Tulibishana siku kadhaa. Mwishoni tuliamua kumwita fundi atuambie kama kuna njia ya kati. Alikuja kijana aliyesomea uchomeleaji hapa hapa VETA Mikumi, akakaa kimya mbele ya dirisha muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona mafundi wakikaa kimya, kisha akaanza kupima.

Njia ya kati ipo. Nondo za dirisha lote hazikuguswa isipokuwa kipande kimoja cha upana wa sentimita 60 na kimo cha 90. Alikikata kwa grainda, akakitengenezea fremu yake na kukirudisha kikiwa kimeshikwa na bawaba mbili, kama kilango ndani ya geti. Ukiangalia kutoka barabarani huoni tofauti. Kwetu nondo ziko nje ya kioo, kwa hiyo kilango kinafunguka kwenda nje. Nyumba ambayo nondo ziko upande wa ndani, kilango kitafungukia chumbani, na hapo uhakikishe kitanda au kabati havikizuii.

Wasiwasi wa baba watoto ulijibiwa kwa vitu viwili. Kwanza bawaba. Kilango kikifungukia nje, bawaba nazo ziko nje, na mwizi mwenye subira anaweza kugonga pini zikatoka. Fundi alichomelea vichwa vya pini pande zote mbili, zikawa hazitoki ila kwa kukatwa. Pili komeo. Badala ya kufuli aliweka makomeo mawili ya kusukuma, juu na chini, kisha akayafunika kwa kibanda cha bati nene kilicho wazi upande wa chini tu. Aliye ndani anapitisha mkono chini ya kibanda na kusukuma. Aliye nje, hata akivunja kioo na kuingiza mkono, anakutana na bati. Baba watoto alitoka nje akajaribu kwa robo saa, kwa mkono, kwa fimbo na kwa waya wa kutundikia nguo. Alirudi ndani akiwa na mkwaruzo kiwikoni na amani moyoni.

Zipo familia zilizochagua kufuli badala ya komeo. Si mbaya kama hakuna kufuli kabisa la nje na kama ufunguo una makao yake: msumari ulio ukutani karibu na dirisha, mahali ambapo mtoto anaufikia akiwa amepiga magoti, lakini mkono wa dirishani haufiki. Shida ya ufunguo ni kwamba hutembea. Leo uko msumarini, kesho uko kwenye mkoba wa mama, keshokutwa umefunguliwa nao kabati. Mimi naona komeo lina akili zaidi, kwa kuwa haliwezi kwenda sokoni.

Gharama yetu ilikuwa shilingi 45,000 kwa dirisha lililokuwepo tayari. Nyumba mpya ni rahisi zaidi, kwa sababu fundi anatengeneza kilango kabla nondo hazijazikwa, na unachoongeza ni bawaba, makomeo na kazi ya nusu siku. Mtu anayejenga sasa asisubiri.

Nitaje jambo moja ambalo nusura litupotezee hela. Siku hizi wengi tunaweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu. Kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Fundi wa aluminiamu na fundi wa nondo mara nyingi hawaonani, kila mmoja anakuja siku yake. Unaweza kujikuta kilango cha nondo kiko kulia na kioo kinafungukia kushoto. Kijana wetu aliliona hilo kabla ya kukata, akahamisha alama. Wewe telezesha kioo mpaka mwisho, pima nafasi iliyobaki wazi, na hapo ndipo kilango kikae. Kama dirisha lina upana wa sentimita 100, nusu yake ni chini ya 50, na mtu mnene hatapita. Bora kioo cha kufunguka kama mlango. Zile luva za vipande vya vioo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu fremu yake inabaki katikati hata ukizifungua zote. Nyumba za zamani zenye madirisha ya mbao ya kufungua pande mbili zilikuwa zimelimaliza suala hili bila kuitisha kikao.

Halafu wavu wa mbu. Huku hatuwezi kuishi bila wavu, malaria haina likizo. Lakini wavu uliogongelewa misumari ni mlango wa tatu uliofungwa, na mtoto wa miaka minane haupasui kwa urahisi kama tunavyodhani. Wetu tuliutengenezea fremu nyepesi ya mbao inayoshikwa na vipande vya sumaku. Ukiusukuma kwa kiganja unaanguka nje.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini unapita Ulaya, hiyo Ulaya yetu ya Kilosa ambayo hauhitaji viza kuifikia. Mama mkwe wangu anaishi Kilosa, upande wa bondeni, na ndiye aliyenifanya nione kwamba suala hili si la moto peke yake.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 mvua zilizidi, Mto Mkondoa ukavunja tuta lake na maji yakaingia mjini. Reli ya kati ilikatika, nyumba nyingi zilianguka, na maelfu ya watu waliishi kwenye mahema. Watu wa Kilosa wanalikumbuka, na Januari 2014 wenzao wa Magole na Dumila walipatwa na ya kwao. Mama anasema maji hayakuja kama maji ya ndoo kumwagika. Yalikuja na matope, magogo, mabua ya mahindi na mizoga ya mbuzi. Takataka hizo zilijisokota kwenye geti la chuma la mlango wa mbele, ambalo linafunguka kwa nje, na likawa halisukumiki. Ndani maji yalikuwa yamefika mapajani.

Nyumba ile ilikuwa na madirisha sita. Matano yalikuwa na nondo. La sita, la chumba cha nyuma, lilikuwa limezibwa kwa mbao tu, kwa sababu marehemu baba mkwe alikuwa ameishiwa fedha ya chuma na alikuwa anangojea mavuno. Mama na wajukuu watatu walitokea hapo, wakapanda kwenye mwembe uliokuwa karibu na ukuta, wakakaa humo mpaka vijana wa mtaa walipowafikia. Ninapomkumbusha, husema kwa utulivu wake, "Umaskini nao una siku yake."

Baadaye hali ilipokaa sawa, watoto wake walichangishana wakamwekea nondo lile dirisha la sita. Nondo nene, za kuzikwa. Walifanya kwa upendo. Mimi nilipoolewa katika familia hiyo nililikuta hivyo, na lilinisumbua tangu siku ile ya lori.

Mwaka jana tulimchukua yule kijana wetu na mashine yake tukaenda naye Kilosa. Kwa Mama ilibidi tubadilishe mambo mawili. Ukingo wa dirisha lake ulikuwa juu, sentimita 130 na zaidi, naye ana magoti ya mtu wa miaka sabini na minne. Tukamjengea ndani ya chumba kikalio cha tofali chenye kimo cha sentimita 40, kilichosakafiwa, ambacho mchana anakalia kuchambua mchele. Nje tukaweka hatua mbili za saruji. Na kwa kuwa mikono yake haina nguvu, komeo lilichongwa mkia mrefu wa kushikia. Fundi alisema mtu anayefungua usiku kwa hofu huwa hana vidole, ana ngumi tu. Komeo lifae ngumi. Maneno hayo nimeyabeba.

Sasa matunzo, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapolala. Kilango kisichofunguliwa mwaka mzima kinakuwa nondo kama nondo nyingine. Masika yakipita, kutu inaanza kwenye bawaba na ndani ya makomeo, kiangazi vumbi linaingia na kushikana na grisi ya zamani. Sisi tunakifungua kila tarehe mosi, siku ya kununua umeme wa mwezi, ili mtu asisahau. Kikilia, kinapakwa grisi. Kabla ya masika tunakwangua kutu kwa brashi ya waya, tunapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu.

Na wakati huo wa rangi ndipo penye mtego. Sikukuu ikikaribia, kila mtu anapaka nyumba. Mpaka rangi anapita na brashi yake juu ya nondo zote, anapaka bawaba, anapaka komeo, anapaka mpaka ule ufa kati ya kilango na fremu. Rangi ya mafuta ikikauka inashika kama gundi. Krismasi iliyopita kilango cha jirani yangu kilihitaji patasi. Kwa hiyo rangi ikishapakwa, kilango kifunguliwe na kuachwa wazi mchana kutwa mpaka ikauke.

Zunguka nje pia uangalie kuna nini chini ya dirisha hilo. Mdogo wangu alikuwa na theluji. Sisi tuna tangi la maji, rundo la tofali za mradi ujao, banda la kuku, kuni, mti wa mchongoma uliopandwa makusudi ili kumkomesha mwizi. Mchongoma ulio chini ya dirisha la kutokea utamkomesha mwanao. Uhamishie mahali pengine.

Baada ya yote hayo tukawafundisha watoto. Sio kwa kuwatisha. Jumamosi moja tulizima taa, tukafunga mlango wa chumba chao na kuwaambia watoke. Mkubwa, wa darasa la tano, alifungua kwa sekunde chache. Mdogo, wa darasa la kwanza, alifika dirishani akasimama. Tulidhani komeo limemshinda. Kumbe alikuwa anasubiri ruhusa, kwa sababu ameambiwa maisha yake yote asiguse dirisha usiku. Ilibidi baba yake amwambie, mara tatu, kwamba ukiona moshi au ukisikia tunaita "moto," huombi ruhusa. Tukawaongeza na mengine: pita chini chini, hewa ya kupumua iko karibu na sakafu, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja, ukiwa wa moto usiufungue, ukishatoka nenda kwenye mparachichi, usirudi kuchukua viatu wala sare ya shule. Mparachichi ni wa sisi kuhesabiana.

Dada wa kazi alikuwepo na alijaribu naye. Nalisisitiza hili kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye anayelala na watoto, na ndiye mtu mzima pekee atakayekuwa karibu nao saa hiyo, lakini mambo ya funguo huwa hashirikishwi.

Wapangaji mtaniambia nyumba si yenu. Ni kweli, na kukata nondo za mwenye nyumba bila ruhusa ni kesi. Lakini ombeni. Rafiki yangu alimwandikia mwenye nyumba wake ujumbe, akajitolea kulipa nusu, na mzee akajibu kwamba alikuwa hajawahi kulifikiria. Amefanya vyumba vyote vinne. Ukikataliwa, lipo unaloweza kufanya bure: watoto walale chumba kilicho karibu zaidi na mlango wa nje, sio kile cha mwisho wa korido, na geti la mlango huo ufunguo wake ukae mahali pamoja kila usiku.

Wenye watoto wa bweni wana kazi ya ziada. Shauritanga kule Rombo, Juni 1994, zaidi ya wasichana 40 walikufa bwenini usiku mmoja. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Kwa jirani zetu Kenya, Bombolulu mwaka 1998 walikufa wasichana 26, na Kyanguli mwaka 2001 wavulana 67. Kote kuwili madirisha yalikuwa na nondo, na Kyanguli mmoja kati ya milango miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema wazi kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa urahisi kwenda nje. Hata hivyo Septemba 2024 huko Endarasha, Nyeri, bweni liliungua na watoto 21 hawakurudi kwao. Mwongozo ni karatasi. Anayefungua dirisha ni mtu.

Kwa hiyo siku ya kumpeleka mtoto, ukishamaliza kulipa ada na kukabidhi godoro, omba kuliona bweni. Usiulize kama ni salama, utaambiwa ni salama. Uliza: mlango wa pili uko wapi, ufunguo wake usiku anakaa nao nani, na hilo dirisha naomba nilifungue. Mwalimu wa zamu katika shule ya binti wa dada yangu alikunja uso kidogo, kisha akaenda kutafuta ufunguo. Ulipatikana baada ya dakika kumi na mbili. Dada yangu alikuwa anatazama saa, na mwalimu aliona kwamba anatazama saa. Muhula uliofuata walikuta makomeo.

Kwa Mama kule Kilosa mambo yamekwenda tofauti na tulivyopanga. Wajukuu wakiwa likizo wamegundua kwamba kilango kile ndiyo njia fupi ya kwenda kwenye mwembe, na kwamba bibi akiwa amekaa kibarazani mbele hawaoni. Wanaingia na kutoka humo kutwa nzima, miguu ya matope kwenye kikalio cha kuchambulia mchele. Alinipigia kulalamika, akataka nimtume fundi aweke kufuli. Nikamuuliza, Mama, bawaba zinalia? Akanyamaza, nikasikia anaenda kuangalia, akasema hapana, zimelainika kabisa. Kufuli hatujaweka. Amenunua kipande cha zulia kuukuu cha kufutia miguu, amekitandika hapo dirishani.